Kabla ya Kuchagua Bunduki, Jua Nani Amelala Nyuma ya Ukuta

Mtu akiamua kununua silaha ya kulinda nyumba yake, swali lake la kwanza karibu kila mara ni la nguvu. Anataka kujua risasi ipi humwangusha mtu papo hapo, kaliba ipi (upana wa risasi na mtutu) haibahatishi, na kama shotigani inaishinda bastola. Wauzaji hulipenda swali hilo kwa sababu lina majibu mengi na kila jibu lina bei yake. Mimi naona limeanzia pasipofaa. Mwizi humjui. Hujui atakuja lini, atakuja na wenzake wangapi, wala kama atakuja kabisa. Nyumba yako unaijua: nani analala chumba kipi, ukuta umejengwa kwa nini, mkono wa nani utaishika silaha hiyo usiku wa manane, na itakaa wapi siku zote ambazo mwizi hayupo. Silaha ichaguliwe kwa hayo unayoyajua.

Tuanze na siku hizo ambazo mwizi hayupo, maana ndizo karibu siku zote. Bunduki ya nyumbani inaweza kumaliza miaka mingi bila kufyatuliwa hata mara moja kwa ajili ya ulinzi. Katika miaka hiyo yote imo ndani, pamoja na watoto wanaokua na kupekuapekua, kijana anayepitia misukosuko, wanandoa wanaogombana, mgeni anayelala sebuleni, na mwenye nyumba mwenyewe anapokuwa na usiku wake mbaya. Hatari ya kwanza ya kupima ni hiyo.

Watafiti wameipima. Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine utafiti uliolinganisha nyumba za Marekani ambamo mtu aliuawa na nyumba za jirani. Walikuta kwamba kuwepo kwa bunduki ndani kuliambatana na uwezekano wa mtu kuuawa nyumbani uliozidi mara 2.7. Utafiti huo ulipingwa sana, na hoja moja ya wapinzani ilikuwa nzito: huenda anayeishi kwa hofu ya kuuawa ndiye anayekimbilia kununua bunduki, kwa hiyo hatari ilitangulia silaha. Ndiyo maana naupa uzito zaidi utafiti wa baadaye wa jimbo la California, ulioongozwa na David Studdert wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambao ulifuatilia mamilioni ya watu kati ya 2004 na 2016. Matokeo yake yaliyotoka mwaka 2022 yaliwahusu watu ambao wenyewe hawakuwa na bastola ila waliishi na mtu aliyenayo. Hao waliuawa kwa risasi nyumbani, mikononi mwa mume, mke au mpenzi, kwa kiwango cha takriban mara saba ya wale walioishi katika nyumba zisizo na bastola. Wengi mno wa waliokufa hivyo walikuwa wanawake.

Kuhusu kujiua, timu hiyohiyo ilitoa matokeo mwaka 2020. Wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki karibu mara nane zaidi ya wanaume wasio nayo, na wanawake mara 35. Bunduki haimpi mtu wazo la kujiua, lakini inamnyima nafasi ya kuokolewa. Anayemeza vidonge mara nyingi huwahiwa, na wengi wao hupona na kuishi. Anayejipiga risasi, takriban tisa katika kila kumi hawanusuriki. Wazo hilo kwa watu wengi huja kwa kasi na hupita. Kinachoamua kama mtu ataiona kesho ni kile kilichokuwa karibu naye katika dakika hizo chache.

Siandiki haya ili kumkataza mtu kumiliki silaha. Wapo watu wanaoishi mbali na kituo chochote cha polisi, wapo waliokwisha kuvamiwa, yupo mwanamke ambaye aliyewahi kuwa mume wake ametamka wazi kwamba atamrudia kwa panga. Haki ya kujitetea wewe na wanao ni haki ya kweli na sioni aibu kuitetea. Ninachosema ni kwamba takwimu hizo zinatakiwa ziingie katika uchaguzi wenyewe, tena mwanzoni, kabla ya kaliba na kabla ya chapa. Kama ndani ya nyumba kuna mtu aliyezama katika huzuni nzito, mlevi anayebadilika akinywa, au mkono unaopiga wengine, jibu la swali la bunduki gani ni kwamba kwa sasa hakuna inayofaa. Kama tayari imo, itolewe mpaka hali itulie, kwa utaratibu ambao sheria ya mahali inaruhusu. Weka milango imara, kufuli nzuri, taa, mbwa, ufa wa dirisha uliozibwa. Hayo hayamgeuki mwenye nyumba.

Kwa waliobaki, kitu cha kwanza kununua ni mahali pa kuifungia. Naona watu wanatumia fedha zote kwenye silaha, halafu wanaiweka juu ya kabati, chini ya godoro au ndani ya begi la nguo, wakiamini watoto hawapajui. Watoto wanapajua. Mtoto ambaye hajaanza shule anajua biskuti zinafichwa wapi, atashindwaje na chuma kizito kinachong'aa? Utafiti wa David Grossman na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulitazama mambo manne, kila moja kwa nafasi yake: kuifungia bunduki, kuitoa risasi, kuzifungia risasi, na kuziweka risasi mbali na bunduki. Kila moja liliambatana na upungufu wa majeraha ya bahati mbaya na ya kujiua kwa watoto na vijana.

Hapa pana mvutano wa kweli ambao hauondoki kwa kuusemea. Silaha iliyofungiwa bila risasi ni salama zaidi, na silaha iliyo tayari ndiyo inayofaa mlango ukivunjwa. Suluhisho ambalo limekubalika kwa wengi wanaofundisha kazi hii ni kisefu kidogo cha vitufe, kilichofungwa kwa boliti kwenye ukuta au fremu ya kitanda, ambacho mwenyewe hukifungua gizani kwa kupapasa, kwa sekunde chache. Nashauri vitufe vya kubonyeza kuliko alama ya kidole, kwa sababu kidole chenye jasho au kilicholowa hukataliwa. Betri ibadilishwe kabla haijaisha, na ufunguo wa akiba usikae kwenye droo iliyo chini ya kisefu hichohicho. Kama nyumba ina watoto na huwezi kumudu kisefu cha aina hiyo, basi bado hujaweza kumudu bunduki.

Baada ya sefu, ukuta. Filamu zimetufundisha kwamba risasi huishia kwa adui. Risasi huishia pale nguvu yake inapokwisha, na nyumba nyingi hazina kitu cha kuimaliza nguvu hiyo. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 hutoka mdomoni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Mlango wa mbao hauisumbui. Ukuta wa bodi za jipsamu hauisumbui pia: inapenya wa kwanza, wa pili, na mara nyingi wa tatu, ikiwa bado na uwezo wa kuua. Tofali lililojazwa saruji ni habari nyingine, huisimamisha risasi ya bastola, lakini hata nyumba ya tofali ina milango, madirisha na dari, na risasi inayogonga saruji huweza kuruka upande usioutarajia au kumwaga vipande.

Kwa hiyo chukua karatasi. Chora nyumba yako ilivyo, weka kila kitanda mahali pake, kisha simama kichwani mwako pale ambapo ungesimama ukisikia mlango umevunjwa. Piga mstari kutoka hapo hadi mlangoni, kisha uendeleze mstari huo kupita ukuta wa nyuma yake. Unamkuta nani? Katika nyumba nyingi mstari huo unaishia kwenye kitanda cha mtoto, au kwa jirani ambaye hana habari yoyote. Zoezi hili halina gharama, na nimeona likiwabadilisha watu mawazo kuliko mabishano yote ya kaliba. Mwingine hugundua kwamba akisogea hatua mbili tu, nyuma ya kabati upande wa pili wa chumba, mstari unaishia kwenye ukuta wa nje wenye kifusi cha udongo nyuma yake. Hapo tayari ameshachagua jambo kubwa kuliko kaliba.

Sasa aina zenyewe.

Shotigani ina sifa kubwa mtaani, na nusu ya sifa hizo ni hadithi. Inasemwa haihitaji shabaha kwa sababu marisau, yaani vigololi vingi vinavyotoka kwa mpigo mmoja, hutawanyika. Kwa kanuni ya kukadiria, marisau hutanuka takriban sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja ya mwendo. Umbali wa ndani ya nyumba ni mita tatu hadi saba. Kwa mita tano, basi, kundi lote la marisau lina upana wa kiganja cha mkono. Lazima ulenge, kama bunduki nyingine yoyote. Ya pili ni kwamba mlio wa kuikoki unatosha kumkimbiza mwizi. Huenda ukamkimbiza. Huenda pia ukamwambia mtu mwenye silaha umesimama wapi hasa, na mpango wa kuokoa roho za watoto hauwezi kusimama juu ya "huenda". Kilicho cha kweli ni kwamba risasi moja ya geji 12, kipimo cha kawaida cha mtutu wa shotigani, yenye marisau makubwa, nane au tisa, kila moja ikiwa na kipenyo kinachozidi milimita 8, ina nguvu ambayo bastola haiifikii. Lakini marisau hayo makubwa nayo hupenya jipsamu. Marisau madogo ya kuwindia ndege hupenya kidogo, na hapohapo hayaaminiki kumsimamisha mtu aliyevaa nguo nzito. Huwezi kupata upole kwa ukuta na ukali kwa jambazi kwa kiwango unachotaka.

Shotigani ina teke kali. Mtu mwepesi akiipiga mara tano anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na ya kuvuta kwa mkono ina udhaifu wake: aliyejaa hofu huivuta nusu, haifiki mwisho, risasi mpya haiingii. Yenye mitutu miwili haina tatizo hilo, ila ina risasi mbili tu.

Raifoli nyepesi ya kaliba ndogo, kama zile za aina ya AR-15, huwashangaza watu kwa jambo moja. Risasi yake hukimbia karibu mita 900 kwa sekunde na zaidi, na bado risasi nyepesi za aina fulani hupasuka au kupinduka mapema zikigonga kitu, kiasi kwamba baada ya kuta mbili za jipsamu zinaweza kuwa zimepoteza nguvu kuliko risasi ya bastola. Inategemea risasi yenyewe. Iliyotengenezwa kupenya itapenya. Ni silaha rahisi kulenga, ina teke dogo. Nchi nyingi haziruhusu raia kuwa nayo, na hapo mjadala umekwisha. Nje ya nyumba risasi hiyo huenda mbali mno, ikitoka dirishani haina tena mwenyewe.

Bastola ndiyo wengi watakayoishia nayo, na ndiyo ngumu kuliko zote kupiga nayo sawasawa. Bunduki ndefu hukaa begani, ina sehemu tatu za kuishikilia. Bastola imening'inia mikononi, mtutu mfupi, na kosa dogo la kidole kwenye kifyatulio linaipeleka risasi pembeni. Kama kuna anayedhani atafaulu kwa ujasiri tu, ripoti ya mwaka 2008 ya RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, kuhusu polisi wa jiji la New York inafaa kusomwa. Kati ya 1998 na 2006, polisi waliokuwa wakirushiana risasi na mtu walilenga sawa kwa wastani wa asilimia 18 ya risasi walizopiga. Pale ambapo hakukuwa na anayewarudishia, ilikuwa asilimia 30. Hao ni watu waliofunzwa na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Risasi zilizobaki zote zilikwenda mahali fulani. Nyumbani kwako mahali hapo pana majina.

Ndiyo maana kipimo changu cha bastola ni mkono, na mkono wenyewe ni wa mtu mzima dhaifu kuliko wote anayetarajiwa kuitumia. Kama ni mama mwenye miaka sitini na viungo vinavyouma, mlete yeye kwenye uwanja wa shabaha, usimlete mwanawe. Je, anaweza kuikoki bastola ya magazini kwa kuvuta slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma, mpaka mwisho? Wengi hawawezi, spring ni ngumu na vidole vinateleza. Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, haina slaidi, unabonyeza tu, lakini kifyatulio chake huhitaji nguvu ya kilo tano hivi, ambapo bastola nyingi za magazini huhitaji kama kilo mbili na nusu. Kidole dhaifu kikivuta kilo tano, mtutu wote unayumba. Siku hizi kuna bastola za magazini zilizotengenezwa kwa spring laini, na kwa mikono ya namna hiyo mara nyingi ndizo zinazofaa.

Kuna ushauri mmoja unaoniudhi, nao ni ule wa kumuuzia mwanamke kibastola kidogo kwa sababu kinaonekana "cha kike". Fizikia haijui jinsia. Silaha ndogo na nyepesi hupiga teke kwa nguvu zaidi kwa risasi ileile, mtutu wake mfupi hufanya kulenga kuwe kugumu, na mahali pa kushika hapatoshi vidole. Vibastola hivyo vilibuniwa kufichwa mwilini. Nyumbani huna haja ya kuficha chochote mwilini. Bastola ya ukubwa kamili, nzito kidogo, ya milimita 9, humfaa mgeni wa silaha kuliko kile kidogo kwa kila kigezo ninachokijua. Na pale sheria inaporuhusu, risasi zenye shimo nchani, ambazo hutanuka zikiingia mwilini, zina nafasi kubwa zaidi ya kubaki humo kuliko kupita na kumfikia wa nyuma.

Yote hayo bado hayakupi jibu, kwa sababu jibu linategemea utafanya nini ukisikia kishindo. Hapa ndipo nadhani mjadala mzima wa silaha za nyumbani umepotoka. Watu wanajiona wakizunguka vyumba gizani, silaha mbele, wakimsaka mvamizi. Kusaka mtu ndani ya nyumba ni kazi ngumu hata kwa kikosi cha watu sita. Anayetembea anasikika, anayesubiri kwenye kona anaona kwanza. Mpango wenye akili kwa familia ni kukusanyika chumba kimoja, kufunga mlango, kupiga simu polisi, kupiga kelele kwamba polisi wanakuja na kwamba una silaha, na kubaki humo. Vitu vibebwe, vitu vinanunulika tena.

Ukishauchagua mpango huo, silaha nayo inajichagua. Kama wote mnalala upande mmoja wa nyumba na kazi yako ni kukaa nyuma ya kitanda ukitazama mlango mmoja, urefu wa bunduki si tatizo. Shotigani au raifoli inafaa, unaiegemeza juu ya godoro na teke lake linavumilika. Kama watoto wanalala mwisho wa korido na lazima uwafuate, mambo yanabadilika. Utahitaji mkono mmoja wa kufungua mlango, kubeba mtoto wa miaka miwili, kushika simu. Bunduki ndefu inahitaji mikono miwili, na kwenye kona ya korido mtutu wake hutangulia mbele yako, mahali ambapo mtu anaweza kuukamata. Hapo bastola ndiyo jibu, pamoja na udhaifu wake wote. Nyumba mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuhitaji silaha tofauti kwa sababu tu ya kitanda kimoja cha mtoto kilikowekwa. Pengine kukihamisha kitanda ni rahisi kuliko kubadili bunduki.

Kisha tochi. Mimi naiweka sawa na silaha yenyewe. Kanuni nne za usalama zilizoenezwa na Jeff Cooper, yule mwanajeshi mstaafu wa Marekani aliyeanzisha shule ya shabaha ya Gunsite mwaka 1976, zinamalizika na hii: ujue unachokilenga na kilicho nyuma yake. Nyingine tatu ni kuihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, kutoelekeza mdomo wake kwa kitu usichotaka kukiharibu, na kutoweka kidole kwenye kifyatulio mpaka umeshalenga. Gizani ile ya nne haiwezekani bila mwanga. Tochi iliyofungwa kwenye silaha ni nzuri, ila ukiwa nayo hiyo pekee utajikuta unamwelekezea mtutu kila mtu unayetaka kumtambua, akiwemo binti yako aliyerudi kimyakimya. Kwa hiyo iwepo na ya mkononi.

Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alipiga risasi nne za bastola ya milimita 9 kupitia mlango wa choo uliofungwa nyumbani kwake. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Pistorius alisema alidhani ni mvamizi. Kwa maelezo yake mwenyewe alimwambia Reeva apige simu polisi, akiamini yuko kitandani, na hakupata jibu. Wengi wanaikumbuka kesi ile kwa umaarufu wa wahusika. Mimi naikumbuka kwa hoja ya Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini, ambayo Desemba 2015 iliondoa hukumu ya kuua bila kukusudia na kuweka ya mauaji. Mahakama haikuhitaji kuthibitisha kwamba alijua ni Reeva. Ilisema yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, ndani ya chumba kidogo kisicho na pa kukimbilia, angeweza kufa, na mpigaji alilijua hilo akafyatua hivyohivyo. Maana yake hata angekuwa mwizi kweli, mtu ambaye hakuonekana, hakusikika akitishia na hakufungua mlango, bado swali la jinai lingebaki. Mwaka 2017 adhabu yake ilipandishwa kufikia miaka 13 na miezi 5.

Marekani, ambako sheria humpendelea zaidi mwenye nyumba, mwanafunzi wa Kijapani Yoshihiro Hattori, mwenye miaka 16, alikosea nyumba akitafuta sherehe mjini Baton Rouge Oktoba 1992. Mwenye nyumba alimwamuru asimame, kijana akaendelea kumsogelea, akapigwa risasi moja ya rivolva kifuani. Mahakama ya jinai ilimwachia mpigaji mwaka 1993, kisha ya madai ikamwamuru alipe zaidi ya dola 650,000. Uingereza nako, mkulima Tony Martin aliwapiga kwa shotigani vijana waliovunja nyumba yake huko Norfolk Agosti 1999. Mmoja wao, mwenye miaka 16, alikufa kwa risasi ya mgongoni. Martin alihukumiwa kwa mauaji, na mwaka 2001 hukumu ikapunguzwa kuwa ya kuua bila kukusudia.

Nchi tatu, sheria tatu, na bado kuna kinachojirudia: mahakama huuliza tishio lilikuwa wapi wakati ule ule kifyatulio kinavutwa. Anayekimbia ameacha kuwa tishio, hata kama amebeba runinga yako. Risasi ya kuonya hewani nayo usiizoee. Inaanguka mahali, na katika sheria za nchi nyingi inaweza kuhesabiwa kuwa umetumia nguvu ya kuua ilhali wewe mwenyewe umeonyesha kwamba hukuona haja ya kuua. Soma sheria ya nchi yako kabla ya kuomba leseni, tena sheria yenyewe, usitegemee ya vijiweni.

Mazoezi ya uwanjani hayakuandai kwa jambo moja, nalo ni kelele. Uwanjani unavaa vizibo vya masikio. Chumbani risasi moja inafika kama desibeli 160, wakati madhara ya masikio huanza ghafla kwenye 140. Baada ya risasi ya kwanza husikii mtoto analia upande gani, husikii mwenzako anasema nini, na aliyeko kwenye simu ya polisi humsikii. Moto wa mdomoni unakupofusha kwa muda gizani. Ndiyo maana maneno yote ya muhimu yasemwe kabla: nani anabaki na watoto, nani anapiga simu, neno gani la siri linamaanisha "ni mimi, usipige". Familia iliyolifanyia mazoezi jambo hilo mchana, bila silaha mkononi, huwa haihitaji kulielezana usiku.

Na polisi wakifika, hawakujui. Wanachokiona ni mtu mwenye bunduki ndani ya nyumba iliyopigiwa simu ya uvamizi. Mwambie aliye kwenye simu umevaa nini na uko chumba kipi. Kabla hawajaingia, irudishe silaha kwenye sefu kama pametulia, au ilaze chini na usogee mbali nayo, mikono wazi, vidole vikiwa vimetanuliwa ili waone hakuna kitu.